Winchi na Spika za Mwampashi

Ukipata nafasi, isome hii bila haraka. Ukimaliza usinijibu mimi. Mpelekee yule ambaye sura yake itakujia ukifika katikati. Na kama itakayokujia ni sura yako mwenyewe, nyamaza, soma mpaka mwisho.

Huko nyanda za juu, katika kata ya Ngulilo ambako viazi hustawi na barabara hufa kila masika, paliishi mzee mmoja aitwaye Mwampashi. Alikuwa na duka la mbolea na mbegu, mashine ya kusaga, na malori mawili. Mungu alikuwa amemjalia. Lakini kitu alichokitaka kuliko vyote hakiuzwi dukani: alitaka kuwa mwenyekiti wa ushirika wa wakulima wa viazi.

Mpinzani wake alikuwa Mama Subilaga, mjane mwenye shamba la wastani na maneno machache. Ukikutana naye njiani atakuuliza habari za watoto wako mmoja mmoja, kwa majina, na atasubiri umjibu. Mwampashi hakumwogopa kwa mali. Alimwogopa kwa sababu watu walimpenda bila yeye kuwaomba, na jambo hilo lilimchanganya kichwa. Mwampashi kila alichowapa watu aliwatangazia kwanza, wakapiga makofi, kisha wakaenda kumsalimia Mama Subilaga.

Basi Mwampashi akawaza usiku na mchana. Akaona kwamba shida kubwa ya Ngulilo ni ule mteremko unaoshuka kwenye korongo. Mvua zikianza, malori ya viazi hunasa pale, na watu huacha mashamba yao kwenda kuyavuta kwa kamba.

Na katika kuvuta huko wana desturi yao. Husimama mtu mmoja mwenye kifua, wanamwita mwimbishaji. Yeye kamba haigusi. Anaimba, wenzake wanaitikia, na pale kwenye kiitikio ndipo mikono yote huvuta kwa pamoja. Mwimbishaji akiwa na mafua, lori linalala pale pale. Ndiyo maana watu wa Ngulilo wana usemi wao kwamba mzigo hauvutwi kimya. Kwa kamba na mikono, wala hawajakosea.

Mwampashi akaenda mjini akanunua winchi ya umeme. Ni mashine ya kuvutia mizigo, inafungwa mbele ya gari: ngoma ya chuma iliyozungushiwa waya mnene, na mota inayokula umeme wa betri. Alimwita fundi mmoja, Ndele, akaifunga kwenye pikapu yake. Kazi ilipokwisha Ndele alimketisha kwenye usukani akamwelekeza.

"Mzee, kitufe hiki cha kuzungusha ni cha mwendo. Mzigo ukiwa mzito, punguza mwendo. Na hii ni mita ya volti. Mshale ukiwa huku kwenye kijani, vuta. Ukishuka kwenye nyekundu, winchi itajizima yenyewe isije ikaungua. Ikijizima usigombane nayo. Iache injini ingurume kidogo, betri ipate nguvu, ndipo uendelee."

"Nimekuelewa."

"Na hizi spika je? Nizifungie betri ya peke yake?"

Maana Mwampashi alikuwa amerudi kutoka mjini na spika pia. Spika nne kubwa, zile za mdomo mpana, na mashine ya kukuzia sauti ambayo muuzaji aliapa kwamba mbwa wa kata ya jirani watabweka.

"Betri ya peke yake ya nini? Unganisha hapo hapo. Cha muhimu sauti ifike kilima cha pili."

"Mzee, mimi ningeshauri kwamba..."

"Ndele. Gari la nani hili?"

Ndele akafunga kama alivyoambiwa. Mteja ni mfalme, na mfalme hafundishwi.

Siku ya kuijaribu, Mwampashi alialika wazee, wajumbe wa ushirika na yeyote aliyekuwa hana la kufanya. Kipaza sauti kilikuwa bado hakijafika kutoka mjini, lakini hakuona sababu ya kusubiri. Aliamuru lori lake lijazwe viazi, likatumbukizwa kwenye shimo la taka nyuma ya mashine ya kusaga, na winchi ikalitoa kama mtu anayevuta uzi kwenye sindano. Watu waliduwaa. Mwampashi alitembea siku nzima na tabasamu ambalo halikuwa na mahali pa kwenda.

Baada ya hapo aliandikisha maneno ubavuni mwa gari: MWAMPASHI, MKONO WA WAKULIMA. Akamwajiri na mtangazaji, kijana mmoja wa harusini aitwaye Simbeye, ambaye akikupokea mlangoni mwa ukumbi unaweza kudhani wewe ndiye bwana harusi.

Mvua zikaja. Na siku moja ya gulio, mchana, ikaja habari mbaya.

Lori la viazi lilikuwa limeteleza kwenye mteremko. Halikunasa kama yanavyonasa mengine. Lilitoka barabarani kabisa, likaegemea kisiki kimoja cha mkaratusi ukingoni mwa korongo. Chini yake mto umejaa. Dereva, kijana wa Tukuyu aitwaye Lwitiko, alikuwa ndani. Mlango mmoja umebanwa na udongo, wa pili unafungukia hewani, na mguu wake umeng'ang'aniwa na vyuma chini ya usukani. Kamba na mikono visingeweza. Kisiki kikiachia, hakuna dereva.

Tumpe mtu haki yake. Habari ilipomfikia Mwampashi, alisukuma sahani ya ugali akasimama. Moyo ulimwenda mbio kwa huruma ya kweli, akakimbilia gari mguu mmoja una kiatu na wa pili una ndala. Ni pale alipokwisha kuwasha injini ndipo wazo la pili likaingia.

"Simbeye yuko wapi?" akauliza.

Simbeye akaja mbio, akapanda nyuma na kipaza sauti chake.

"Huyo dereva ni mgeni, Mheshimiwa," alisema kupitia dirishani. "Kura hana."

Kisha akaongeza, "Lakini watakaotazama wanazo."

Walikuta nusu ya gulio imehamia mteremkoni. Wanaume walifunga mnyororo nyuma ya pikapu wakauzungushia mti mkubwa, ili gari lisije likavutwa na kile linachokivuta. Wengine wakateremka kwa tahadhari wakapachika ndoano ya waya kwenye chasisi ya lori. Kutoka ndani sauti ya Lwitiko ikasikika.

"Fanyeni hima, jamani! Kisiki kinalia!"

Ukingoni kabisa, amelala kifudifudi kwenye matope na kanga yake, alikuwapo Mama Subilaga. Alikuwa amefika kabla ya watu wote, maana shamba lake liko jirani. Alikuwa akizungumza na Lwitiko kupitia kioo kilichovunjika. Anasema nini, hakuna aliyesikia.

Mwampashi alibonyeza winchi. Waya ukakaza, ngoma ikazunguka, na lori likapanda hatua moja. Watu wakashangilia. Simbeye, ambaye alikuwa akingoja dalili hiyo hiyo, akavuta pumzi.

"Wananchi wa Nguliloooo! Mnajionea wenyewe! Mkono wa wakulima umefika!"

Winchi ikapunguza mwendo. Ikanguruma kwa taabu kama mzee anayepanda ngazi, kisha ikasema "tak" ikasimama.

Mwampashi akatazama mita. Mshale ulikuwa kwenye nyekundu. Akakumbuka maneno ya fundi: usigombane nayo. Akakanyaga mafuta kidogo, injini ikanguruma. Simbeye, alipoona hakuna kinachosogea, alinyamaza, maana hata mtangazaji wa harusi hatangazi keki ambayo haijaletwa. Mshale ukapanda taratibu mpaka kwenye kijani.

Mwampashi akabonyeza tena. Lori likapanda nusu hatua, kwa nguvu nzuri tu.

"Ameanza tena! Ni nani huyo? Ni Mwampashi! Semeni Mwampashi!"

"Tak."

Hapo Mwampashi akaanza kuchanganyikiwa. Mashine hii hii ilitoa lori kwenye shimo la taka, na lile lilikuwa limejaa viazi, na shimo lilikuwa refu. Leo ina nini? Alipunguza mwendo kwa kile kitufe mpaka chini kabisa, kama alivyoelekezwa. Winchi ikavuta vizuri, watu wakapiga kelele za furaha, Simbeye akapaza sauti, winchi ikafa. Akaongeza mwendo, akidhani labda alimwelewa fundi kinyume. Ikafa upesi zaidi. Akazima taa. Akazima feni ya kioo. Akawasha vyote tena kwa hasira. Kila alichogusa kilikuwa kama hakihusiani na kingine.

"Betri nimeuziwa mbovu," alijisemea. Halafu akasema, "Hapana, ni Ndele. Ndele amenifungia kitu hapa." Halafu akakumbuka kwamba Ndele ni mtoto wa binamu yake, akaona aibu, akarudi kwenye betri.

Nje kila mtu alikuwa na ushauri, na ushauri wa bure ndio unaokuja mwingi. Mmoja alitaka agonge mota kwa nyundo. Mwingine alisema waya umelowa, umeme unateremkia mtoni. Wa tatu alitaka gari lirudishwe nyuma, ingawa nyuma palikuwa na mti. Ndipo mzee mmoja aliyezoea kuvuta kwa kamba akasema lile ambalo wote walilijua tangu utoto.

"Mwimbishaji hatii bidii! Mzigo hauvutwi kimya!"

"Ndiyo! Aongeze sauti!" wakaitikia wengine.

Simbeye alikuwa hajawahi kuombwa jambo tamu kama hilo. Akazungusha kitufe cha sauti mpaka mwisho. Akaanzisha ule wimbo wao wa kuvutia, umati ukaitikia, spika nne zikajaza korongo, mbwa wa kata ya jirani wakabweka kama muuzaji alivyoapa. Mwampashi akabonyeza. Ngoma haikumaliza hata robo mzunguko.

"Tak."

Na kisiki kikapasuka.

Hakikung'oka. Kilipasuka katikati, na lori likajilaza zaidi kuelekea mtoni. Waya uliimba kwa kukazwa. Pikapu iliburuzwa kwenye matope mpaka mnyororo wa nyuma ukaishika. Wanawake walipiga yowe, wimbo ukakatika. Breki ya winchi ilishikilia, ila sasa kila mtu alijua kwamba uhai wa Lwitiko unaning'inia kwenye waya ule na nusu ya kisiki.

Lwitiko aliyekuwa akipiga kelele tangu mwanzo hakusikika tena.

Mwampashi akajiuliza: Nimekuja kumwokoa au nimekuja kumwua? Hakujua. Akamwona Mama Subilaga bado amelala pale pale ukingoni, hakukimbia hata kisiki kilipopasuka, midomo yake ikiendelea kusema maneno ambayo hayasikiki.

Na mtu akichanganyikiwa sana, jibu la kwanza linalopita ndilo analolikamata.

"Anasema nini yule mama?" akamwuliza Simbeye. "Tangu tumefika anasema nini?"

Simbeye akatazama. "Sijui, Mheshimiwa. Ananuizia?"

Neno likamwingia Mwampashi likakaa. Bila shaka! Gari zima, winchi mpya, betri mpya, na mwanamke anayeugombea uenyekiti amelala chini ananong'ona. Yote yaliyokuwa hayaelezeki yakaelezeka mara moja. Damu ikampanda. Akanyoosha mkono dirishani akampokonya Simbeye kipaza sauti, ili awaambie watu wote, mpaka wa kilima cha pili, ni nani anayemwua mgeni wa watu.

Mkono wa kulia alishika kipaza sauti. Wa kushoto ulikuwa bado kwenye kitufe cha winchi, na mshale ulikuwa umepanda tena, winchi imeanza kuvuta kidogo kidogo. Akafungua mdomo.

"Mimi..."

Mshale ukaanguka.

Akanyamaza, si kwa hiari, bali kwa mshangao. Mshale ukapanda. Winchi ikapata nguvu. Akafungua mdomo tena.

"Mimi..."

Mshale ukaanguka tena.

Mwampashi akakodoa macho. Akasogeza uso karibu na mita hadi pumzi yake ikaacha ukungu kwenye kioo.

"Mwampashi," alisema polepole.

Mshale uliteremka kwa kila silabi.

Huko nje umati ulisikia spika nne zikisema "Mimi," kimya, "Mimi," kimya, "Mwampashi." Wakatazamana. Mzee mmoja akavua kofia. Walidhani hofu imemgeuza akili, na kwa kweli ilikuwa ndiyo kwanza inamrudia. Alikumbuka sauti ya Ndele ikiuliza habari za betri ya peke yake, na yake mwenyewe ikimkata kauli. Winchi na spika zilikuwa zinakula sahani moja. Kila Simbeye alipomsifu, alimpunguzia nguvu. Kila walipoongeza wimbo, walimsukuma Lwitiko mtoni. Uchawi haukuwapo; kilichokuwapo ni kipaza sauti tu mkononi mwake.

Aliona aibu kali, ile inayochoma masikio. Alikuwa amebakiza neno moja tu amzushie mwanamke uchawi mbele ya kata nzima.

"Zima," akamwambia Simbeye.

"Nizime nini?"

"Spika."

"Mheshimiwa, sasa? Watu wote wako hapa! Wakati ndio huu!"

"Zima, Simbeye!"

"Lakini mzigo hauvutwi..."

Mwampashi hakumsubiri. Aliingiza mkono chini ya dashibodi, akashika waya za spika, akazing'oa zote kwa mkupuo mmoja. Spika zikatoa mkwaruzo, zikanyamaza. Umati nao ukanyamaza, kwa kuwa hakuna aliyejua kinachoendelea, na mtu asiyeelewa mara nyingi huiga jirani yake. Ikabaki mvua na mngurumo wa injini.

Akazungusha kitufe cha mwendo mpaka kidogo kabisa. Akabonyeza.

Ngoma ikaanza kuzunguka, polepole, mzunguko kamili, kisha wa pili. Mshale ulishuka kidogo ukasimama kwenye kijani, ukatulia hapo. Lori likapanda. Ulipokaribia nyekundu aliacha mwenyewe kabla winchi haijajizima, akaruhusu injini ingurume, akaendelea. Hakuna aliyemsifu. Hakuna aliyeimba. Wanaume waliotaka kupiga makofi walizuiwa na wake zao. Katika kimya kile ndipo watu wakasikia Mama Subilaga alikuwa akisema nini muda wote.

"Na huyo wa pili, anaitwa nani?" aliuliza.

Sauti dhaifu ikatoka ndani ya lori. "Tupokigwe."

"Ameanza kutembea?"

"Bado, mama. Anasimama tu kwa kushika kiti."

"Basi ukifika nyumbani utamkuta anatembea. Usilale. Niambie, anapenda kula nini?"

Mwampashi naye alisikia. Alizidi kutazama mshale, macho yamemjaa maji, na akawa anayafuta kwa bega kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa kazini.

Magurudumu ya mbele ya lori yakagusa barabara. Halafu ya nyuma. Nusu ya kisiki iliyobaki ikaachia ikaenda na mto, lakini wakati huo haikuwa imebeba kitu. Wanaume wakavamia mlango kwa nondo, wakakunja chuma kilichombana Lwitiko, wakamtoa wakamlaza kwenye kanga ya Mama Subilaga.

Kijana alikuwa na tope mpaka machoni. Alipapasa hewani, akaupata mkono wa yule mama, akaushika kwa mikono yake miwili.

"Ndaga, mama," alishukuru kwa lugha ya kwao. "Ndaga fijo. Umenitoa. Kule juu palikuwa na makelele tu, nikajua wameanza kutangaza msiba wangu. Wewe ndiye umenitoa."

Mama Subilaga alishtuka. "Siyo mimi, mwanangu. Mimi nimekaa tu hapa. Aliyekutoa ni..."

Akageuka. Na kata nzima ikageuka pamoja naye, kuelekea dirisha la pikapu.

Simbeye alikuwa amesimama nyuma ya gari na ncha za waya mkononi, macho yanamwomba bosi wake: niziunganishe? Dakika moja tu, niziunganishe? Mwampashi alikuwa na maneno tele. Yalikuwa yamempanda kifuani mpaka kooni, na safari hii yalikuwa ya kweli: gari lake, winchi yake, mkono wake. Hakuna ambaye angemlaumu. Angesema neno moja tu, na kijana angejua wa kumshukuru, na watu wangejua wa kumchagua.

Aliteremka, kiatu mguu mmoja na ndala mguu mwingine.

"Mnangoja nini?" akasema. "Mguu unavuja damu. Mpakieni kwenye gari langu. Mama Subilaga, tafadhali panda naye. Sauti yako ndiyo anayoisikia."

Wakampakia. Simbeye aliachwa mteremkoni na waya zake, anatazama gari likiondoka, asijue kama kazi anayo au hana. Barabara ya zahanati ilikuwa mbaya, na Mwampashi aliendesha taratibu, akikwepa mawe asimtikise mgonjwa.

Walipofika darajani Lwitiko alifumbua jicho moja.

"Mama," alinong'ona, "huyu dereva wetu ni nani?"

Mama Subilaga alimtazama Mwampashi kupitia kioo cha ndani. Akafungua mdomo, akangoja, kama vile anamwachia mwenye neno aseme mwenyewe.

Mwampashi alibadilisha gia. Hakuelewa ni kwa nini moyo wake ulikuwa mwepesi kiasi kile, maana kwa hesabu zake zote za siku nyingi, siku ya leo alikuwa amepoteza. Alijaribu kulitafuta jibu, hakulipata.

"Ni mtu wa hapa hapa tu," akasema. "Tulia mwanangu, mbele kuna mashimo."

Funzo: Nguvu ya kumsaidia mtu na nguvu ya kujisifu hutoka kwenye betri moja; ukiimalizia kwenye spika, aliye korongoni atakufa akikusikia.